Mpagazi kwenye karata ya kumi: kisa cha kusanifu karata za ukumbusho wa vita vya 1914–1918

Usuli

Kisa hiki kinahusu pakiti moja ya karata, hamsini na mbili pamoja na jokari wawili, iliyokusudiwa kuwakumbuka watu wa Afrika Mashariki waliotwishwa vita vya 1914 hadi 1918. Mimi ndiye niliyezisanifu. Jina la mji, la kikundi kilichonipa kazi na la kila aliyehusika nimeyaacha nje. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na makosa yangu.

Kikundi chenyewe ni cha watu kumi na kadhaa, wengi wao wajukuu na vitukuu vya wapagazi, katika mji wa kaskazini mwa Tanzania ambako majeshi yalipita mwaka 1916. Hukutana kila tarehe 25 Novemba, siku ambayo mwaka 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Waislamu husoma dua, Wakristo husali, kisha wote hula pamoja. Waliwahi kuchapa kijitabu. Walimu wachache walikisoma, kikaenda kulala kabatini. Ndipo mwenyekiti wao, mama mstaafu wa ualimu, akaja na hoja iliyonivutia tangu siku ya kwanza: wazee wa mji huu kila alasiri wako barazani na karata mkononi, basi historia na iwafuate huko huko.

Msomaji asiyewajua wapagazi hawa anahitaji kujua machache. Magari na wanyama hawakufaa kitu kwenye ukanda wa mbung'o na tope, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha mgonjwa kilibebwa kichwani au begani. Waingereza peke yao walichukua mamia ya maelfu ya wanaume kwa kazi hiyo, na Wajerumani, Wabelgiji na Wareno nao wakachukua wa kwao. Mpagazi alivalishwa kibati cha namba shingoni. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu kuliko kwa risasi. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu uliwaua watu waliozoea ndizi au mtama. Wanahistoria huhesabu waliokufa kwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kumbukumbu yao iliyo hai kuliko zote ni jina la mahali: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps.

Mpangilio wa kwanza

Nilianza kwa kutazama karata za vita zilizowahi kutengenezwa kwingine. Wakati wa vita ile ile ya 1914 Wajerumani walichapa karata zenye wafalme na majenerali wao. Katika Vita Vikuu vya Pili kulikuwa na karata za kufundisha maumbo ya ndege za adui. Mwaka 2003 jeshi la Marekani liliwapa askari wake karata zenye sura za viongozi wa Iraq waliokuwa wakisakwa, Saddam Hussein akiwa ree, yaani karata ya alama moja, ya shupaza. Nikajifunza kwamba kila aliyetengeneza karata za vita alitumia ngazi iliyomo ndani ya karata kupanga watu, aliye mkubwa juu na aliye mdogo chini. Nikaiga bila kujiuliza.

Kwa hiyo rasimu yangu ilikuwa hivi. Kila aina ya karata ilikuwa jeshi: shupaza Waingereza, pao Wajerumani, uru Wabelgiji waliotoka Kongo, kopa Wareno wa Msumbiji. Mfalme wa kila aina alikuwa jenerali. Bibi alikuwa muuguzi wa Kizungu, kwa sababu picha zao ndizo nilizozipata upesi. Ghulamu alikuwa askari Mwafrika. Wapagazi niliwapa 8, 9 na 10 za kila aina, karata kumi na mbili nzima, nikaamini nimewaheshimu: wao ndio wengi, na wanasimama karibu kabisa na wakubwa.

Rangi nilichagua ya kahawia iliyofifia, kama picha ya zamani, na mgongoni nikaweka sanamu ya askari iliyosimama Dar es Salaam tangu 1927. Kikundi kiliipenda rasimu. Mtu mmoja tu, fundi cherehani ambaye hakuwa msemaji sana, aliuliza: "Umezipeleka barazani?" Nikamjibu nitazipeleka zikikamilika. Nilichora kwa miezi miwili.

Jioni ya barazani

Nilichapa pakiti mbili za majaribio kwenye karatasi nzito, nikazikata kwa mkono, nikazipeleka kwa wazee wanne ambao wamecheza pamoja miaka mingi. Mchezo wao ni wahedi wa sitini, yaani sitini na moja. Nilijua jina lake, sikuwahi kuucheza.

Mzee aliyekuwa na zamu ya kugawa alizipokea, akazitazama moja moja kwa heshima, akasifu mchoro. Kisha akaanza kuzichambua. Nane, tisa, kumi. Nane, tisa, kumi. Akazitoa zote, akazipanga vizuri, akazisukuma chini ya ukingo wa mkeka.

Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizi hazichezwi. Hizi tunazitoa."

Wapagazi wangu wote kumi na wawili walikuwa chini ya mkeka, na majenerali wanne walikuwa mikononi mwa wachezaji. Mwenyekiti alikuwa amekaa nyuma yangu. Hakusema neno, lakini nilisikia alivyovuta pumzi. Watu waliosahauliwa kwa miaka mia walikuwa wamesahauliwa tena pale pale mbele yetu, na kalamu iliyofanya hivyo ilikuwa yangu.

Nikabaki nikatazama wakicheza, na kile nilichokiona jioni hiyo ndicho kilichookoa kazi. Katika wahedi wa sitini ree ina pointi 11. Inayoifuata si mfalme, ni saba, wanayoiita seti, yenye pointi 10. Karata za picha wanaziita wazungu, na kila mzungu anaitwa kwa thamani yake: mfalme ni mzungu wa nne, ghulamu ni mzungu wa tatu, bibi ni mzungu wa pili. Kila aina ina pointi 30, pakiti nzima 120, na anayefika 61 ameshinda. Kwa hiyo mzungu wa nne, pamoja na ukubwa wake wote kwenye picha, analiwa na saba ya aina yake bila ubishi.

Yalijitokeza na matatizo mengine mawili. Baada ya magharibi taa iliwashwa, na kahawia yangu ikafanya kopa na pao kuwa kitu kimoja, mchezaji mmoja akatupa uru akidhani ametupa shupaza. Na sanamu ya mgongoni ilikuwa na kichwa upande mmoja tu, hivyo karata iliyogeuzwa ilijulikana kwa mbali. Mzee aliyetambua hilo alicheza duru tatu akijua ree ziko kwa nani, kisha akatuambia mwenyewe.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa kikao siku mbili baadaye, na wale wazee wanne tukawaalika.

Jambo la kwanza lilikuwa wapagazi, na hapo hakukuwa na mjadala: waende kwenye seti. Kila seti ina mpagazi mmoja, amesimama wima na mzigo wake, na kwenye karata hizi nne tu tuliacha utaratibu wa kuchora nusu mtu juu na nusu mtu chini. Mpagazi aliyepinduliwa kichwa chini na mzigo wake alionekana kama anaanguka. Hatukuwapa sura ya kutambulika. Mahali pa uso palibaki kivuli, na kifuani kibati cha namba kikiwa tupu.

La pili lilikuwa wazungu. Mimi nilitaka kuwaondoa majenerali wote, na nilikuwa na mfano wa kuniunga mkono: wakati wa mapinduzi yao Wafaransa waliwahi kuwafuta wafalme, mabibi na maghulamu kwenye karata, wakaweka picha za fikra kama uhuru na usawa badala yake. Mzee wa zamu akanikatiza. "Mzungu wa nne mwache awe mzungu. Pointi zake si nne? Basi." Sijawahi kusikia maelezo mafupi na makali kuliko hayo kuhusu usanifu. Tukawaacha, ila bila nyuso: mzungu wa nne wa kila aina ni kofia ya himaya mojawapo kati ya nne, imewekwa juu ya meza tupu. Mzungu wa tatu akabaki askari. Mzungu wa pili hakuwa tena muuguzi, akawa mke wa askari, kwa sababu wanawake hao waliufuata msafara wa jeshi la Wajerumani kwa miaka minne, wakapika, wakabeba, wakazaa njiani, na hakuna sanamu ya mjini inayowaonyesha.

Hoja ya tatu ilitoka kwenye majina yenyewe. Nilipendekeza tuache kugawa aina za karata kwa majeshi, maana mpagazi aliyetekwa leo alibebeshwa mzigo wa upande wa pili kesho, na kumpaka rangi ya himaya ni kumsingizia. Lakini tugawe kwa nini? Majina ya karata zetu ni ya Kireno, yamebaki pwani tangu enzi za Ngome ya Yesu. Kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni upanga, pao ni fimbo. Maana hizo zilikuwa zimesubiri tu. Kopa ikawa chakula na njaa, kuanzia bakuli la unga kwenye ree hadi njaa ya Wagogo waliyoiita Mtunya. Uru ikawa fedha: kodi, mshahara, na malipo ya waliokufa ambayo hayakuzifikia familia. Ree yake ni ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Shupaza ikawa silaha, na ree yake ni mzinga wa manowari ya Wajerumani Königsberg, ambayo mzinga wake mmoja uko Ngome ya Yesu hadi leo. Pao ikawa njia na mzigo, na ree yake ni mpiko, ile fimbo ya kubebea mzigo begani. Kazi hii ya kuoanisha ndiyo iliyonipa furaha kuliko yote, kwa sababu sikuongeza kitu; nilisoma kilichokuwa tayari kinywani mwa wachezaji.

Zikabaki 8, 9 na 10. Zinatolewa, zinawekwa pembeni, na pembeni ndipo walipo watazamaji wanaosubiri zamu. Mtu anayesubiri zamu hana kitu mkononi. Kwa hiyo karata hizo kumi na mbili tulizifanya za kusoma, kila moja na tukio moja kwa maneno yasiyozidi arobaini: Königsberg kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja 20 Septemba 1914, mapigano ya Longido, ya Tanga na ya Jasin, kuangamizwa kwa Königsberg mtoni Rufiji 11 Julai 1915, mapigano ya Salaita, Dar es Salaam kutekwa 4 Septemba 1916, majeshi ya Kongo kuingia Tabora 19 Septemba 1916, mapigano ya Mahiwa, kuvuka Ruvuma Novemba 1917, homa ya mafua ya 1918, na kusalimu amri Abercorn. Bado zina namba na alama zake, ili anayecheza kwa pakiti kamili asikwame.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa picha ya mtu mmoja. Mwanachama alileta picha ya babu yake, mpagazi aliyerudi, amevaa kanzu. Alitaka iwe kwenye seti ya pao. Binamu yake, mjukuu mwenzake wa babu yule, alisimama akatetemeka: "Babu yetu hapigwi chini kwenye mkeka. Na watu wakichezea fedha je? Atakuwa kwenye kamari?" Mle ndani walikuwamo wanaoona karata zenyewe ni jambo la kuepuka, na walikuwa wamekubali mradi kwa shingo upande. Tuliamua kwamba hakuna mtu halisi, mwenye jina au asiye na jina, atakayewekwa kwenye karata inayochezwa. Uamuzi huo ulitulazimu kuacha hata picha nzuri za wapagazi wasiojulikana zilizopigwa na maofisa. Niliona ni haki: kutojulikana jina si ruhusa.

Kiwandani

Hapa nitapita haraka. Ukubwa ulikuwa milimita 63 kwa 88. Karatasi tulichagua yenye tabaka jeusi katikati ili mwanga usipenye, ikapakwa vanishi kwa sababu ya jasho na unyevu. Rangi ya kahawia iliondoka, nyekundu na nyeusi kamili zikarudi, na pembeni namba zikaongezwa unene. Mgongoni sanamu ilitoka, ukaingia msuko wa ukili unaofanana ukiugeuza juu au chini. Shiti la mchapaji lilibeba karata 56, kwa hiyo baada ya 52 na jokari wawili tulipata mbili za bure. Moja ina maelezo ya mradi. Ya pili tuliiacha na mstari mmoja tu wa kuandikia jina, kwa familia inayotaka kumwandika mtu wao na kuiweka nyumbani, nje ya mchezo.

Matokeo

Zilichapwa pakiti 300. Zilizinduliwa tarehe 25 Novemba na zikaisha kabla ya mwaka kwisha. Vijiwe vitatu vya mjini vinazitumia hadi leo. Nimeziona zimekwaruzika pembeni, na hakuna sifa niliyoithamini kuliko mikwaruzo ile. Barazani seti imepata jina jipya. Mchezaji akiitupa husema "mpagazi", na mwenzake mwenye mzungu wa nne hulalamika. Karata ya bure yenye mstari ndiyo iliyotushangaza: baadhi ya familia ziliomba nakala za ziada za hiyo tu, bila pakiti.

Yule binamu aliyesimama kikaoni hakununua. Alikuja kwenye dua, akala nasi, hakuzigusa.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio wa kazi. Nilichora miezi miwili kabla ya kumwona mtu akicheza. Swali la fundi cherehani lilitosha kuniokolea muda huo wote, na sikulisikiliza kwa sababu nilidhani ni swali la mauzo. Karata ni chombo, na kanuni za chombo wanazo wanaokitumia. Ningekaa barazani jioni moja mwanzoni ningejua kwamba ngazi niliyoiiga Ulaya sio ngazi inayotumika mkekani.

Kilichofaa zaidi ni kuuacha mchezo wenyewe useme. Tungeandika popote kwamba mpagazi alikuwa na thamani kuliko jenerali, ingekuwa hotuba. Mchezaji anayeihesabu seti kumi na mzungu nne, usiku baada ya usiku, anatamka hukumu hiyo kwa kinywa chake bila kuhubiriwa. Karata za pembeni nazo zilifaa, ingawa nimegundua zinasomwa zaidi na watoto kuliko na wanaosubiri zamu.

Uamuzi wa kutoweka sura naona ulikuwa sahihi, lakini una gharama nisiyoweza kuificha. Watu hawa waliwekwa namba badala ya majina walipokuwa hai, na sisi tumewachora bila nyuso. Kibati tupu kilikusudiwa kulisema hilo wazi. Watazamaji wengine wamelielewa, wengine wameuliza kwa nini mchoro haukumalizwa.

Wanawake tuliwakosea. Mwenyekiti alizihesabu pakiti zilipofika, akasema, "Tumewatoa kabatini, tukawapa pointi mbili." Mzungu wa pili ndiye wa chini kabisa katika wazungu, na hakuna kati yetu aliyeliona hilo kikaoni, kwa kuwa bibi amekaa kwenye karata hiyo tangu zamani na tulimkuta hapo. Ree zingeweza kubeba mikono yao; tulijaza ree zote vitu.

Na tulisanifu kwa ajili ya mchezo mmoja. Pakiti kadhaa zilivuka mpaka kwenda Kenya, ambako vijana wanacheza mchezo uitwao kadi. Huko saba haina nguvu yoyote, ni namba tu, na karata zote hutumika. Kijana mmoja aliuliza mbona mpagazi hana kazi. Katika mchezo wao 2 na 3 ndizo zinazomtwisha mwenzako karata za ziada, aokote asizozitaka na kuendelea nazo. Kwenye pakiti yetu 2 na 3 zina majani na mawe ya njiani, mapambo matupu. Kwa toleo la pili nimependekeza hapo akae karani wa kuandikisha wapagazi, na daftari lake. Kikundi bado kinajadili, na safari hii pakiti ya majaribio iko tayari kijiweni kwa vijana kabla sijachora mstari mmoja.